Fundi mitambo kachomoa waya wangu wa besi mbele za watu. Tanga tumefika huku?

Besi Nzito:
Wakuu, naandika hapa masizi hayajatoka usoni. Jina silitaji, mnamjua nyote. Yule anayekodiwa kila shughuli hapa mjini: harusi yeye, mahafali yeye, maulidi yeye, na kote anaweka mwangwi uleule, mshereheshaji akisema "karibuni" neno linazunguka hadi Raskazoni, likirudi wageni wameshakula na kuondoka.

Sasa jana tumepanda jukwaani na bendi yetu ya black metal, ule muziki wa magitaa makali na mayowe, wapigaji nyuso zimepakwa rangi. Ndiyo, Tanga ipo, acheni kucheka. Tumejipaka unga wa sembe na masizi ya sufuria, joto la huku mnalijua, wimbo wa pili tu mpiga solo uso wote uji. Mimi nikapiga besi kwa roho yangu yote. Wimbo ukaisha. Huyu bwana akachukua maiki, mkono wa pili kashika waya wangu, kauning'iniza juu watu wauone: "Jamani, besi nimeichomoa tangu wimbo unaanza. Kuna aliyesikia tofauti?"

Kimya. Muuza kahawa pale mlangoni akatikisa kichwa kusema hapana.

Muuza kahawa! Hata kiingilio hakulipa!

Eti "kwenye huo muziki wenu besi ni pambo." Pambo? Jina lenyewe la muziki huu limetoka kwenye albamu ya bendi ya Venom ya mwaka 1982, na aliyesimama mbele akiimba, Cronos, ndiye mpiga besi. MPIGA BESI. Halafu mtu wa spika za harusi anichomolee waya aulize kuna aliyesikia tofauti! Sikilizeni bendi ya Ved Buens Ende, ile albamu ya 1995, besi ina njia zake, haimsubiri mtu. Sikilizeni albamu ya Mayhem ya 1994, ile besi ya chini chini ndiyo inayotia hofu. Bendi ya Darkthrone mwaka huohuo, mpiga dramu wao Fenriz kapiga vyombo vyote peke yake, na besi kaipiga. Kama haina kazi si angekwenda kulala?

Lakini hayo tuyaache. Mimi naongelea ule waya. Alivyouning'iniza.

Sina Baya:
Nimekaa siti ya mbele. Muuza karanga pita huku.

Mjukuu wa Ngamiani:
Pole sana mkuu. Swali dogo tu. Kachomoa tangu wimbo unaanza, wewe uliyekuwa unaipiga hukusikia?

Besi Nzito:
Monita mbovu, zile spika za kumrudishia mpigaji sauti yake! Monita zake zote mbovu!

Mjukuu wa Ngamiani:
Wimbo mzima?

Besi Nzito:
Wewe hujui huu muziki. Dramu zinapigwa mbio bila kituo, gitaa linakwaruzwa bila kupumua, hapo nani amsikie nani?

Mjukuu wa Ngamiani:
Basi fundi kashinda kesi, na shahidi wake ni wewe.

Kobe Mstaafu:
Hebu ngoja. Hiyo besi ya Mayhem unayoisifia si ndiyo aliyoipiga Varg Vikernes, yuleyule aliyemuua mpiga gitaa wa bendi hiyo Oslo mwaka 1993? Wazazi wa marehemu wakaomba besi ya muuaji ifutwe, na mpiga dramu kasimulia mwenyewe kwamba aliwakubalia, kisha akaiacha palepale. Huko wapiga besi wanaua. Wewe umechomolewa waya tu, mshukuru Mungu ukanawe uso.

Besi Nzito:
Kama besi haina maana, wazazi wangehangaika kuifutisha? Nijibu hilo.

Kobe Mstaafu:
Wazazi wa fundi nao wamekuomba?

Fundi Redio:
Tuongee kitaalamu kidogo. Waya mnene wa gitaa la besi unatoa kama hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, wa gitaa la kawaida kama 82. Black metal wengi wanaiachia besi ifuate gitaa noti kwa noti, na dramu ya mguu nayo inakanyagwa mfululizo kulekule chini. Lazima ipotee. Mwenye akili anaipa besi njia yake, ndipo inasikika. Weka klipu tusikie.

Besi Nzito:
Nimeweka. Huu ni wimbo wa kwanza, kabla hajafanya ushenzi wake.

Dada wa Chumbageni:
Nimesikiliza. Besi iko dakika ya ngapi?

Fundi Redio:
Spika ya simu haifiki 41, dada yangu. Vaa za masikioni.

Dada wa Chumbageni:
Nimevaa. Kuna mtu anakohoa. Ndiye besi?

Mzee wa Barabara ya Ishirini:
Wanangu mnaniuma roho. Mji huu ndio wa Black Star Musical Club, watu waliotia magitaa ya umeme na besi kwenye taarabu. Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, besi ilisikika hata kwenye redio ya mbao yenye betri zilizoanikwa juani. Wala hakuna aliyejipaka masizi.

Dada wa Chumbageni:
Shikamoo mzee. Hizo besi zenu ndizo mpangaji mwenzangu anazifungulia alfajiri, taarabu za Shakila mwanzo mwisho. Shakila nampenda, sikatai, lakini sabufa kubwa kuliko kitanda cha mwenyewe! Bati linatetemeka, mijusi wamehama. Na umeme tunachangia sawa kwa sawa!

Mzee wa Barabara ya Ishirini:
Marahaba. Huyo mpangaji mwenzio ana adabu, msalimie.

Sina Baya:
Sawa kwa sawa na mwenye sabufa? Dada unaibiwa mchana kweupe.

Besi Nzito:
Wakuu turudi kwenye uzi. Ule waya aliunyanyua hivi, juu ya kichwa, akaugeuza kila upande mpaka wa nyuma wakaona

Mjukuu wa Ngamiani:
Subiri kwanza mkuu. Dada, mita moja mko wapangaji wangapi?

Dada wa Chumbageni:
Watano. Na mmoja ana friji ya barafu za kuuza.

Kobe Mstaafu:
Friji ya biashara kwenye mita ya kuchangia?! Fungua uzi wake, hili ni kubwa.

Besi Nzito:
Wakuu.

Sina Baya:
Barafu za ukwaju anazo?

Dada wa Chumbageni:
Anazo. Mia mbili, na hakopeshi hata sisi wapangaji wenzie.