Ushauri: Niihamishie familia Phoenix kutoka Minneapolis, au niwaache huko kwanza?

Mtoto wa Shela (mleta mada)
Wanajamvi, salamu kwenu nyote. Naomba ushauri wa watu wazima, kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, nimeishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, kwa miaka mingi, na tangu Desemba niko Phoenix, Arizona, ambako nimepata kazi ya ghala yenye mshahara mzuri kuliko ule wa zamani. Mama watoto na watoto wetu wawili wamebaki Minnesota hadi shule zifungwe mwezi wa Juni.

Nimepiga hesabu na kila nikizirudia naona Phoenix ni nafuu. Kule tunalipa dola 1,800 kwa vyumba viwili vya kulala. Hapa nimeona nyumba nzima ya vyumba vitatu, yenye ua, kwa dola 1,500. Kodi ya mapato ya jimbo hapa ni asilimia 2.5 kwa kila mtu, ilhali Minnesota inaanzia asilimia 5.35 na kupanda. Hakuna gharama ya kupasha nyumba joto miezi sita, hakuna makoti mazito wala viatu vya theluji. Je, kuna gharama ambayo sijaiona? Kuhusu hali ya hewa msijali, mimi ni mtu wa pwani na joto nimezaliwa nalo.

Mama Saint Paul
Kaka, mimi swali lako la fedha ningeliweka pembeni kwanza. Baba kuishi mbali na mke na watoto tangu Desemba ndiyo gharama yenyewe, nayo haiandikwi kwenye bili yoyote. Ila sikulaumu kwa kuikimbia baridi. Tarehe 30 Januari 2019 hapa kwetu ilifika nyuzi 28 chini ya sifuri kwa kipimo cha Fahrenheit, yaani kama 33 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na gari langu lilikataa kuwaka, nikakaa ndani na watoto tukipika uji kutwa nzima. Siku ile hata mimi niliapa kuhama.

Lakini kwa kuwa umeuliza, Minnesota haitozi kodi ya mauzo kwenye nguo; Arizona inatoza. Tangu mwaka wa masomo wa 2023 shule za umma hapa zinawapa watoto wote kifungua kinywa na chakula cha mchana bila malipo, huko kwenu mzazi analipa isipokuwa awe na kipato cha chini. Na mwenye kipato cha chini au cha kati hapa hupata punguzo la kodi linaloweza kufika dola 1,750 kwa kila mtoto. Ukiweka hayo pamoja na MinnesotaCare, ile bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, ile tofauti ya asilimia mbili na ushee uliyoisherehekea huenda ikayeyuka yote.

Mgeni wa Glendale
Karibu jangwani, ndugu. Mimi nilitokea Uvira, nikapitia kambini, nikaletwa hapa moja kwa moja, kwa hiyo theluji naijua kwa picha tu. Hesabu yako imesahau gari. Mji huu umetandaa sana; ukiwa na kazi ya usiku na mke naye ana kazi, gari moja halitoshi. Betri ya gari hapa hufa baada ya miaka miwili au mitatu kwa sababu ya joto, na matairi nayo yanakauka hadi yanapasuka ubavuni. Umeme wa nyumba yangu ya vyumba vitatu mwezi wa Julai ulizidi dola 400, nami sikuwa nimefanya fujo yoyote. Kampuni za umeme zinatoza bei ya juu saa za alasiri, hivyo sisi tunaipoza nyumba sana kabla ya saa tisa, kisha tunaiacha ipande kidogo hadi jioni. Kufua na kuoka mikate ni kazi za asubuhi.

Mzee wa Kahawa
Umesahau kumwambia kuhusu usukani. Ukiegesha gari juani mwezi wa Julai, ukirudi unaushika usukani kwa kitambaa, na kile chuma cha mkanda wa kiti usikiguse kabisa kabla hujaomba dua. Shemeji yangu alihamia huko kwa mbwembwe, na siku ya tatu akatuuliza kama kuna msamaha kwa waliotoroka theluji.

Fundi Mitambo
Mleta mada, mimi nafunga na kutengeneza mashine za kupoza hewa katika mji huo huo ulioko. Nyumba ya vyumba vitatu yenye ua kwa dola 1,500 haipatikani bila sababu. Iko mtaa gani, ilijengwa lini, na inapozwa kwa kitu gani?

Mtoto wa Shela
Iko Maryvale, ni nyumba ya zamani ya miaka ya 1950, kuta zake ni imara. Kupozwa inapozwa vizuri tu, nimeingia mchana nikaikuta ina ubaridi wa kutosha. Nawashukuru kwa habari za gari, sikuwa nimeziweka kwenye hesabu. Vipi kuhusu bei za vyakula?

Fundi Mitambo
Vyakula tutavifikia. Nimeuliza inapozwa kwa kitu gani. Ile mashine iliyo juu ya paa, ina mabomba ya gesi au ina bomba jembamba la maji linalopanda ukutani?

Mtoto wa Shela
Ni ya maji. Mwenye nyumba alinieleza kwamba mashine hiyo hutumia umeme kidogo mno kuliko kiyoyozi cha kawaida, kwa hiyo bili yangu haitafika hizo dola 400. Mimi naona hilo ni jambo la kheri. Tulilala Lamu bila kiyoyozi wala feni, dari ya makuti, na hatukufa. Isitoshe mkataba nimeshausaini na amana nimeshalipa, kwa hiyo ninachoomba hasa ni ushauri wa kupanga matumizi, si wa kunirudisha nyuma. Hapa niko peke yangu, na tangu saa zilipobadilika mwezi wa Machi nikitoka kazini nawakuta watoto wameshalala, hata kuwasikia sauti sipati. Nataka familia yangu ije.

Fundi Mitambo
Basi ngoja nikueleze kilichoko juu ya paa lako, kwa sababu mwenye nyumba amekuambia nusu yake. Umekulia pwani, mtungi unaujua. Maji yanavuja kidogo kidogo kwenye udongo, yanakauka kwa nje, na yakikauka yanachukua joto la maji yaliyobaki ndani. Mashine yako ni hiyo hiyo: feni inavuta hewa ya nje na kuipitisha kwenye nyuzi zilizolowa, kisha inaisukuma ndani, na dirisha lazima uliache wazi kidogo ili hewa itoke. Mwezi wa Aprili, Mei na mwanzo wa Juni, hewa ikiwa kavu kabisa, inafanya kazi nzuri na kwa gharama ndogo, ndiyo maana ulipoingia ulisikia ubaridi.

Shida inaanza msimu wa mvua za kiangazi, ambao Idara ya Hali ya Hewa inauhesabu kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba. Mvua yenyewe si nyingi, ila unyevu unapanda, na hewa yenye unyevu haikaushi maji. Hapo mashine inakuletea hewa ya moto iliyolowa. Ikija dhoruba ya vumbi, lile vumbi lote linavutwa hadi kitandani, na vumbi la huku hubeba vijidudu vya kuvu vinavyoleta homa ya mapafu. Utalazimika kuizima, kisha utabaki na kuta zako imara za miaka ya 1950, ambazo mara nyingi hazina kizuizi cha joto ndani yake.

Muuguzi wa Zamu
Nami niulize jambo moja kabla hatujafika mbali. Watoto wana umri gani?

Mtoto wa Shela
Wa kwanza ana miaka sita. Wa pili ana miezi minane.

Muuguzi wa Zamu
Miezi minane. Kaka yangu, umeandika aya mbili za kodi ya mapato kabla ya kulitaja hilo.

Joto la Lamu na la Phoenix si ndugu. Lamu mwezi wa Machi inafika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, kuna upepo wa bahari, na usiku unapata nafuu. Phoenix mwaka wa 2023, kuanzia 30 Juni hadi 30 Julai, kila siku ilifika nyuzi 110 za Fahrenheit au zaidi, yaani zaidi ya 43 za Selsiasi, siku 31 mfululizo. Mwezi huo huo kulikuwa na siku 16 mfululizo ambazo hata alfajiri kipimo hakikushuka chini ya nyuzi 90, sawa na 32 za kwenu. Mchana mkali wa Lamu ndio uliokuwa wakati wa ubaridi huku. Wilaya ya Maricopa ilirekodi vifo 645 vinavyohusiana na joto mwaka huo, na baadhi yao walifia ndani ya nyumba ambazo mashine ya kupoza ilikuwa mbovu au haikuwepo. Mtoto mchanga hawezi kujieleza wala kujichotea maji. Mzazi anayemlaza mtoto kwenye hewa kama hiyo ili aokoe dola 300 ajue kwamba ana dhamana mbele ya Mungu.

Macho Mawili
Samahani, mimi nimekaa pembeni nasoma tu, lakini naona mnapoteza muda wenu. Uzi huu ni chai. Mleta mada anasema saa zilibadilika mwezi wa Machi, ilhali kila aliyeishi Arizona anajua kwamba jimbo hilo halibadilishi saa, ukiacha eneo la Wanavajo kule kaskazini. Pia kila anapobanwa anatoa kitu kipya: kwanza nyumba tu, kisha mashine ya maji, kisha mkataba umesainiwa, sasa kuna mtoto mchanga. Huyu yuko kwake Nairobi anapima upepo.

Mzee wa Kahawa
Kama ni chai, basi ameitia tangawizi, kwa maana hadi Maryvale ameijua. Mimi nimeshaanza kumpenda mtoto wa miezi minane.

Mtoto wa Shela
Sina haja ya kutunga. Saa za hapa hazikubadilika, na sikusema za hapa. Zilizobadilika ni za Minneapolis. Wakati wa baridi walikuwa mbele yangu kwa saa moja. Tangu Machi wako mbele kwa saa mbili. Natoka kazini saa mbili usiku, kwao ni saa nne, na saa hiyo mtoto wa shule ameshalala. Mwenye familia ya mbali anaelewa bila kuelezwa.

Mama Saint Paul
Yuko sahihi, dada yangu yuko Tucson na kila mwaka tunakosana kwenye simu kwa ajili ya hiyo saa moja. Macho Mawili, mwache. Mimi nina swali jingine: mama watoto anajua kuhusu hiyo mashine?

Mtoto wa Shela
Aliniuliza kama nyumba ina ubaridi, nikamwambia ipo mashine juu ya paa, na hiyo ni kweli. Mimi ndiye niliyeiona nyumba, na kama mkuu wa familia lazima kuna maamuzi niyafanye. Fundi, nikiamua kuongeza kiyoyozi, hesabu yangu inaharibika kiasi gani?

Fundi Mitambo
Inaharibika, lakini haifi. Kwanza, usitoe fedha yako kabla hujazungumza na mwenye nyumba kwa maandishi. Kanuni za jiji la Phoenix zinataka nyumba ya kupanga yenye kiyoyozi iweze kushuka hadi nyuzi 82 za Fahrenheit, na yenye mashine ya maji iweze kushuka hadi 86, yaani 30 za Selsiasi. Kipimo kinachukuliwa katikati ya chumba, futi tatu kutoka sakafuni. Mwambie unaijua kanuni hiyo, na kwamba Agosti mashine yake haitaifikia.

Pili, mashine za kiyoyozi za dirishani nunueni sasa. Julai zinaisha madukani na mafundi hatushikiki. Nyumba za umri huo zina nyaya chache, hivyo usichomeke mashine mbili kwenye saketi moja. Ukipoza vyumba viwili tu usiku, bili haitafika ile ya Glendale, na mashine ya maji uitumie sebuleni hadi unyevu upande. Kwa mpango huo bado unaweza kubaki chini kidogo ya gharama ya Minneapolis, ukiondoa gari la pili, ambalo sijaona kama umelihesabu.

Mtoto wa Shela
Nimemwandikia leo mchana na amejibu. Amekubali kuweka mashine moja ya dirishani katika chumba kikubwa, na kodi ipande hadi dola 1,575. Naona ni haki.

Muuguzi wa Zamu
Chumba kimoja, watu wanne, Julai na Agosti yote?

Fundi Mitambo
Mwombe mashine ya chumba cha pili, na umuulize saketi ya chumba hicho inabeba ampea ngapi. Asipojua, nitumie picha ya kisanduku cha umeme.

Mzee wa Kahawa
Na mama watoto ameshaambiwa?

Mtoto wa Shela
Bado. Nasubiri jibu la chumba cha pili.