Mrejesho: yule mama wa Malindi aliyeacha kazi ya hoteli

Haya mashosti, nimerudi. Ni mie nlieuliza kama mke aliyeokoka akikaa tu nyumbani na watoto watatu ana maana gani mbele za Mungu. Wengi mkaniambia nisome Mithali 31, nikaikwepa, maana yule mke mwema anayesifiwa humo alikua ananichosha hata kabla sijaamka, lakini mama mchungaji akanikalisha akanionyesha mstari wa 16 na wa 24, kumbe anaangalia shamba ananunua na anauza nguo, si kufua na kupika tu!

Basi sahii jioni nakanda unga wa mahamri, tui zito na iliki ya kutosha, na kitinda mimba anapanda juu ya mbuzi ati anakuna nazi, anakula kuliko anachokuna, na hapohapo ndo tunaomba, yeye anaombea paka wa jirani kila siku. Alfajiri nakaanga, majirani zangu Waislamu ndo wateja wakubwa, mbaazi wanapika wenyewe.

Bwanangu bado huuliza "leo umefanya nini?" ila juzi nlimkuta na ufagio, nikanyamaza nisimtishe. Vyombo bado vinanikera, sitawadanganya.