Mcheza mieleka anaweza kuitwa shujaa wa taifa?

Fundi wa Kondele, Kisumu
Ndugu zangu, naomba msaada. Kijana wangu wa gredi ya nane aliambiwa aandike insha kuhusu shujaa wa taifa lolote. Akamchagua Rikidozan wa Japani, kwa kuwa mimi ndiye niliyemsimulia habari zake. Daftari limerudi na wino mwekundu: "Mieleka ya runinga ni maigizo. Huyu si shujaa." Jana alilala bila kula. Kama nimempotosha mtoto, niambieni.

Mama wa Khayega
Pole, Fundi. Lakini mwalimu ana hoja. Sisi huku Magharibi tukitaja shujaa tunamkumbuka Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, aliyefungwa na wakoloni. Gereza halikuwa maigizo. Mtu ambaye ushindi wake umepangwa kabla ya kengele, taifa linamdai shukrani ya nini?

Fundi wa Kondele
Mama, Masinde simgusi. Lakini nisikilize. Mwaka 1954 Japani ilikuwa na miaka tisa tu tangu ishindwe vita, na Wamarekani walikuwa wameikalia mpaka 1952. Runinga zilikuwa ghali, kwa hiyo watu walijazana barabarani mbele ya zile zilizowekwa hadharani. Wakamwona Rikidozan, aliyewahi kucheza sumo, akiwapiga Ben na Mike Sharpe vifuani kwa ukingo wa kiganja. Wale ndugu wawili kwao ni Kanada, ila waliletwa kama Wamarekani, na walikuwa majitu hasa. Haya, tuseme matokeo yalipangwa. Aliyesimama pale barabarani, aliyezoea kuinamisha kichwa, furaha yake nani aliipanga?

Hili nalijua kwa marehemu baba. Miaka ya tisini, kwetu Nyando, tulitazama mieleka kwa jirani, runinga isiyo na rangi, ya betri ya gari. Betri ikikaribia kuisha, picha ilisinyaa kutoka pembeni mpaka wachezaji wakawa wadogo kama panzi. Kibarua cha baba cha kukata miwa kilikuwa kimeota nyasi, na alikuwa hasemi na mtu. Usiku mmoja, mchezaji mmoja aliangushwa, akaanza kujivuta kwa kamba. Baba akashika magoti, akainuka naye polepole. "Chung' malo!" Simama! Sauti yake sikuwa nimeisikia siku nyingi.

Kijana wa Nakuru
Mzee, mtoto asiache na hili: Rikidozan alizaliwa Korea, wakati Korea ni koloni la Japani. Umaarufu wote ule, asili yake aliificha, maana Wakorea walidharauliwa huko. Alichomwa kisu kwenye klabu ya usiku Tokyo mwaka 1963, akafa wiki moja baadaye. Nchi nzima inakushangilia, nawe huwezi kutaja kwenu! Kwangu huo mzigo ni mzito kuliko mpinzani yeyote. El Santo, mcheza mieleka wa Mexico, naye alificha uso kwa kinyago cha rangi ya fedha, akazikwa nacho 1984, lakini yeye alipenda mwenyewe.

Mama wa Khayega
Hilo la kuficha kwao limenigusa, Fundi. Masinde bado namweka mbele. Lakini wino ule mwekundu ulikuwa wa haraka.

Fundi wa Kondele
Asanteni. Nimemsomea yote. Ameongeza aya ya Korea kwa penseli, na hapo juu ameandika habari ya babu yake. Jumatatu nafunga karakana asubuhi, naenda naye shuleni.