Swali: TS (maelezo mafupi ya usafiri) imerudishwa, sasa wanataka TA (tathmini kamili ya usafiri) na hesabu ya magari

Mama Yusra, London mashariki
Assalaam alaykum ndugu zangu. Barua ya council imeingia jana. Ombi letu la kugeuza lile duka la mazulia liwe madrasa ya Jumamosi, F1 (fungu la majengo ya elimu na ibada), halijapokelewa. TS tuliyoandika wenyewe wameirudisha. Wanataka TA kamili, kwa sababu mlango unatazama barabara kuu yenye mistari miwili myekundu, magari hayaruhusiwi kusimama. Siku 21 tu. Mshauri niliyempigia ametaja pauni 4,200, na sanduku letu halina hata nusu yake. Vijana wako tayari kukaa pale kuhesabu. Nauliza jambo moja: hesabu yetu wenyewe itakubaliwa, au lazima itoke kwa kampuni?

Baba Salim, Birmingham
Wa alaykum salaam, pole sana dada. Yalitukuta 2019, enzi za D1, fungu la zamani la majengo kama hayo. Tulikaa Jumamosi mbili na daftari, tunapiga vijistari vitano vitano, mvua inanyesha mpaka wino ukachuruzika. Tukapeleka 640 kwa saa, wakaikataa. Vijana wahesabu Jumanne mpaka Alhamisi, shule zikiwa wazi. Jumamosi usihangaike nayo.

Fundi, Leicester
Baba Salim, samahani, unampoteza. Madrasa inafunguliwa Jumamosi, kwa hiyo Jumamosi lazima ihesabiwe. Siku za katikati ya wiki ni kwa foleni ya kwenda kazini. Na hizo 640 ni magari au PCU, yaani kila chombo kikilinganishwa na gari dogo? Gari dogo 1, basi 2, pikipiki 0.4. Kwa barabara yenye mabasi mengi tofauti ni kubwa.

Halafu wengi wanahesabu magari yanayopita wakidhani wanapima foleni. Foleni ikikaza, yanayopita yanapungua! Ukisimama pale saa 2:30 asubuhi utapata namba ndogo, uandike barabara ina nafasi, kumbe imefungana. Kijana mmoja ahesabu nyuma ya mkia wa foleni, mwingine aandike urefu wake kila taa inapowaka kijani. Uwezo wa barabara ya mjini uko kwenye taa. Yakishatoka magari matatu manne ya mwanzo, linapita moja karibu kila sekunde 2, yaani 1,800 kwa saa nzima ya kijani. Lakini kijani kikikaa sekunde 30 katika mzunguko wa 90, njia moja inapitisha 600 tu. Ukifika asilimia 90 ya hapo, maswali yanaanza.

Mama Yusra
Ahsante kaka, nimeelewa, na nimeyaona kwa macho leo. Basi limesimama kituoni mbele ya duka, nyuma yake magari 14, taa imewaka kijani mara mbili na la mwisho bado halijavuka. Lakini swali langu bado: nani ahesabu?

Bi Mkubwa, Reading
Mmenikumbusha Ubungo, Dar, kabla ya madaraja ya 2021. Trafiki na sare yake nyeupe ndiye alikuwa taa, akiufunga upande wako unanunua korosho na maji, unazungumza na jirani wa gari la pili mpaka mnajuana ukoo. Ilichosha, lakini hapa nakaa foleni saa nzima hakuna hata anayekutazama.

Otieno, Milton Keynes
Nairobi tulipewa Expressway 2022, kilomita 27. Mwenye pesa ya kulipia anapita juu, matatu zinabanana chini Mombasa Road. Wakubwa wanajijengea wenyewe.

Fundi, Leicester
Otieno, tusihamishe mada. Ila nitasema: Dar walipoanza mabasi ya mwendokasi 2016 walifikiria watu. Basi lililojaa linabeba watu wa magari mengi madogo, na hilo Mama Yusra aliandike. PTAL ya pale (alama ya London ya ukaribu wa usafiri wa umma, 0 hadi 6b) ni ngapi? Wazazi wakija kwa basi, safari za magari mtakazoongeza zitakuwa chache.

Baba Salim, Birmingham
Mwendokasi watu wanasubiri kituoni mpaka wanachoka, usitusifie. Na neno langu la Jumamosi silirudishi, afisa wetu alisema mwenyewe.

Fundi, Leicester
Afisa wenu alikuwa na ombi lenu, si la huyu dada.

Mama Yusra
PTAL ni 5. Zimebaki siku 16, na vijana wanaanza Jumanne, mmoja kwenye taa, mmoja kwenye mkia. Aliyewahi kupeleka hesabu ya mkono wake ikapita, tafadhali anipigie leo baada ya Isha.