Yanxi na Ruyi: mbona mwanamke yule yule ni mwema huku na mbaya kule?

binti_tandika

Wakuu, habari za muda huu. Naomba mnitoe tongotongo kuhusu hizi tamthilia za kasri la China.

Nipo sehemu ya 40 ya Yanxi, na usiku naangalia Ruyi iliyotafsiriwa. Zote ni za mfalme mmoja, Qianlong. Kwenye Yanxi tunamshangilia binti wa ukoo wa Wei, na yule wa ukoo wa Nara anaanza mpole halafu anageuka nyoka. Kwenye Ruyi mambo yamepinduka: wa Nara ndiye tunayemlilia, wa Wei ndiye anayewamaliza wenzake. Ni watu wale wale au majina tu yamefanana?

La pili, mtafsiri anawaita wote "malkia". Malkia anampigia goti malkia, malkia anamchapa kibao malkia. Kama wote ni malkia, wanagombea nini?

La tatu, Zhen Huan. Kila mtu anasema hiyo ndiyo mama wa zote. Kariakoo nimeonyeshwa ya sehemu 6 na ya sehemu 76. Nichukue ipi, na ni lazima niione kabla ya hizi?

---

mama_wa_kasri

Mdogo wangu, macho yako hayajakudanganya. Ni wanawake wale wale, na waliishi kweli.

Qianlong alishika kiti 1735, akakiacha 1796. Mke wake wa kwanza, Malkia wa ukoo wa Fucha, alifariki 1748. Nafasi yake ikachukuliwa na huyo wa ukoo wa Nara, ambaye Ruyi inamfanya shujaa. Wa Wei alianzia chini, akapanda ngazi moja moja mpaka 1765 akawa huangguifei, cheo kinachofuata kile cha Malkia. Alifariki 1775. Mwanawe ndiye aliyerithi kiti 1796 kama mfalme Jiaqing, na Wei mwenyewe akapewa jina la Malkia akiwa tayari kaburini.

Ugomvi wa watunzi wa hizi tamthilia umelala kwenye tukio moja. Mwaka 1765 mfalme alikuwa kwenye ziara ya kusini. Walipofika Hangzhou, Malkia Nara alikata nywele zake. Kwa Wamanchu, yaani kabila la mfalme, mwanamke alikata nywele pale tu alipofiwa na mume au na mama mfalme. Kukata wakati mume yupo hai ilikuwa kama kumtangazia msiba. Alirudishwa Beijing kabla ya msafara, akanyang'anywa hati zake za cheo, na mwaka uliofuata akafa. Alizikwa bila heshima za Malkia, ndani ya kaburi la mke mwenza.

Kumbukumbu za kasri hazikuandika kwa nini alikata. Hapo ndipo watunzi wanapoingia, na mimi hili pengo ndilo linalonivuta kuliko mavazi na mapambo yote. Mmoja anajiuliza, je, kama alichoka kuvumilia mume aliyebadilika? Anapata Ruyi. Mwingine anajiuliza, je, kama wivu ulimlevya? Anapata Yanxi. Ukiegemea upande wa Nara, huna budi kumtafutia mbaya wake, na aliyepanda wakati Nara anashuka ni Wei. Kwa hiyo usiulize ipi ni ya kweli. Tazama kila moja inavyolijaza lile pengo.

Ushauri wangu: acha kuziangalia pamoja. Maliza Yanxi kwanza. Ukizichanganya utamchukia mtu ambaye dakika ishirini zilizopita ulikuwa unamwonea huruma, na utakosa utamu wa zote mbili.

---

mzee_wa_tafsiri

Nijibu la vyeo, maana hapo ndipo tafsiri nyingi zinapoiua hadithi.

Ngazi za kasri la Qing, yaani utawala wa akina Qianlong, kutoka juu: huanghou mmoja, huyu ndiye Malkia peke yake. Huangguifei mmoja. Guifei wawili. Fei wanne. Pin sita. Chini yao guiren, changzai na daying, ambao hawakuwa na idadi maalumu. Shika hizo namba: mmoja, mmoja, wawili, wanne, sita. Ugomvi wote unatoka hapo. Nafasi za fei zikijaa, pin hapandi mpaka mmoja afe, ashushwe, au apandishwe. Mtu akianza kukohoa kwenye tamthilia, hesabu nani yuko ngazi ya chini yake.

Na cheo si jina tu. Posho ya mwaka ya huanghou ilikuwa liang 1,000 za fedha, huangguifei 800, guifei 600, fei 300, pin 200, guiren 100, changzai 50, daying 30. Liang moja ni kama gramu 37, kwa hiyo daying alipata kilo moja na kidogo ya fedha kwa mwaka mzima, na humo humo atoe bakshishi kwa kila anayemletea ujumbe. Wajakazi hivyo hivyo: huanghou 10, huangguifei na guifei 8, fei na pin 6, guiren 4, changzai 3, daying 2. Ukiona mtu amebaki na wajakazi wawili chumbani, ujue ameporomoka, hata kama mtafsiri hajasema kitu.

Tazama pia mkaa. Wenye cheo waliletewa hongluo, mkaa wa mti mgumu usio na moshi, uliofungwa kwenye vikapu vilivyopakwa udongo mwekundu. Aliyetupwa analetewa mkaa mbichi unaojaza chumba moshi. Mtu wa Dar anayejua tofauti ya mkaa mzuri na ule unaolipuka cheche jikoni anaielewa picha hiyo mara moja: hakuna aliyemtukana, ila kila pumzi inamwambia hatakiwi.

Sasa, tafsiri zetu nyingi zinaweka sauti juu na kuacha ya asili ichuruzike chini. Tega sikio huko chini. Ukisikia mwanamke anajiita "bengong", ni pin au zaidi, ana kasri lake. Wadogo hawathubutu. Watumishi wakimwita "niangniang", ni mkubwa. Wakimwita "xiaozhu", bado mdogo. "Chenqie" ni jinsi mke anavyojitaja mbele ya mfalme, na "zhen" ni mfalme anajitaja mwenyewe. Maneno matano tu, utajua nani ni nani hata mtafsiri akisema malkia mara mia.

Mimi ningetaka wawaite masuria wale walio chini ya huanghou. Neno tunalo, tusilikimbie.

---

mwana_wa_mtoni

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo kwenye suria sikubaliani.

Suria kwa Kiswahili lina historia yake. Kwa masultani wa Zanzibar, suria alikuwa mwanamke aliyenunuliwa au kuletwa mtumwa. Mama yake Sayyida Salme, binti wa Sultani, aliitwa Jilfidan, alikuwa Mcherkasi, mtu wa milima ya Kaukasi, na suria wa Sultani Sayyid Said. Bibi mkubwa wa nyumba, Azza bint Seif, alikuwa mke wa ndoa na mtu wa ukoo. Mtu anayeyajua hayo akisikia suria, anafikiri utumwa.

Wanawake wa Qing hawakununuliwa. Mabinti wa maafisa wa Bendera Nane, vikosi vya jeshi la Wamanchu, waliletwa kukaguliwa kila miaka mitatu, na kabla ya kupita hapo hawakuruhusiwa kuolewa kwingine. Wajakazi walichaguliwa kwa mlango mwingine, kila mwaka, kutoka familia za watumishi wa nyumba ya mfalme, na walitumika mpaka miaka 25 ndipo wakaachiwa. Wei alitoka upande wa familia hizo. Ndiyo maana kwenye Yanxi na Ruyi kupanda kwake kunawachoma wengine kooni: si uzuri wake unaowauma, ni mlango alioingilia.

Linalofanana na Zanzibar ni kwa watoto. Mtoto wa suria wa Sultani alikuwa Sayyid au Sayyida kama mwingine yeyote, na kwa Qing mtoto wa mke mdogo aliweza kuwa mfalme. Yongzheng, baba yake Qianlong, ndiye aliyeanzisha mwaka 1723 utaratibu wa kuandika jina la mrithi kwa siri na kuliweka nyuma ya kibao kikubwa ndani ya kasri la Qianqing. Hakuna mama aliyejua ni mwanawe au wa mwenzake. Ukielewa hilo, ndipo unajua kwa nini kila mimba kwenye tamthilia ni vita.

Ningependekeza vyeo visitafsiriwe kabisa. Mbona liwali tunamwita liwali, na akida tunamwita akida? Msikilizaji akisikia fei na pin mara kumi, ameshazoea. Na tafadhali wanaosema "nyumba ndogo" waache. Nyumba ndogo hufichwa. Hawa waliandikwa kwenye daftari, mpaka usiku ambao mfalme alimwita kila mmoja.

---

mzee_wa_tafsiri

Hoja yako nimeipokea. Kwa hili la Bendera Nane, suria halikai. Basi fei abaki fei.

Kwenye hilo daftari niongeze kitu. Jina la kila mke liliandikwa kwenye kibao chembamba chenye kichwa cha kijani. Mfalme akila chakula cha jioni analetewa sinia la vibao, anapindua kimoja. Aliyeugua, kibao chake kinaondolewa. Zhen Huan, mhusika mkuu wa tamthilia ile, anapoanza kujifanya mgonjwa mapema kabisa, watu wengi wanaona sehemu hizo zinachosha. Si uvivu ule. Maiti ya mjakazi imetolewa kisimani, ameshajua ni nyumba ya namna gani, na njia ya kuwa salama ni kibao kisiwepo kwenye sinia.

---

binti_tandika

Asanteni sana, nimeanza kuona mwanga. Zhen Huan bado sijaielewa nafasi yake. Na nimesikia humo kuna miski inaharibu mimba, na kipimo cha damu kwenye bakuli. Sisi huku miski tunajipaka, hivyo ni kweli?

---

mama_wa_kasri

Zhen Huan Zhuan ilitoka 2011, ina sehemu 76, na ni ya Yongzheng, baba yake Qianlong, aliyetawala kutoka 1722 mpaka 1735. Mwandishi wake ndiye huyo huyo wa Ruyi. Kwa hiyo mama mfalme unayemwona mzee kwenye Ruyi ni Zhen Huan mwenyewe baada ya kushinda, na Ruyi ni mpwa wa yule Malkia aliyekuwa adui yake. Hapo ndipo ubaridi wa mama mfalme kwa Ruyi unapoeleweka. Yanxi haihusiki na ukoo huu wa hadithi.

Zhen Huan kama alivyo kwenye tamthilia ni wa kubuni. Amejengwa juu ya mama halisi wa Qianlong, wa ukoo wa Niohuru, ambaye alimzaa mwanawe 1711, miaka kumi na moja kabla mume wake hajawa mfalme. Hakuja kuchaguliwa kasrini akiwa msichana.

Miski: tiba ya Kichina inaikataza kwa mjamzito, hilo ni la kweli kwenye mapokeo yao. Yao inatoka kwenye kifuko cha paa dume wa milimani. Miski nyingi ya madukani leo hutengenezwa kiwandani. Tamthilia imeikuza mpaka harufu ya chetezo inaharibu maisha ya mtu. Kwenye Zhen Huan, Hua Fei, mke kipenzi wa mfalme, anafukiza ubani wa zawadi miaka na miaka bila kupata mtoto. Nani aliyeamuru miski itiwe humo, sikuambii. Subiri ukione kile kisa mwenyewe.

Kipimo cha damu: bakuli la maji, sindano, tone la mtoto na tone la anayedaiwa kuwa baba. Yakiungana, wanasema ni damu moja. Humo humo tamthilia inaonyesha kinavyochezewa: ukitia shabu, ile ya kusafishia maji, damu za watu baki zinaungana, ukidondosha mafuta kidogo, za baba na mwana zinakataa. Maji ya shabu yana ukakasi ulimini, na hapo ndipo njama inapofichuka. Kwa kweli hasa, bakuli halipimi uzazi wa mtu yeyote, liwe na shabu au lisiwe nayo.

---

flashi_na_kingamuzi

Niseme la mafaili, maana swali la tatu limebaki nusu.

Ile ya sehemu 6 ni ya kweli ila ni muhtasari. Ilikatwa kwa ajili ya Marekani mwaka 2015, kila sehemu dakika 90. Saa 57 zimebanwa kuwa saa 9, na kilichotupwa ni hizo hizo ngazi na posho na mkaa. Usiichukue. Chukua 76. Yanxi iwe 70, Ruyi iwe 87.

Hesabu ya mafaili isikuchanganye. Watafsiri wengi huunganisha sehemu mbili au tatu kuwa moja, halafu wanaandika 1A, 1B. Usihesabu idadi, fungua faili la mwisho uone kama linafika kwenye majina ya wahusika, halafu fungua moja la katikati. Yanayokosekana mara nyingi ni ya katikati.

Ukubwa: sehemu ya dakika 45 yenye picha ya kawaida ni kama MB 200, kwa hiyo 76 ni kama GB 15. Flashi iliyoandikwa GB 16 ikisomwa kwenye kompyuta haifiki 15 kamili, itakataa sehemu za mwisho. Beba ya 32.

Ukifika nyumbani ukasikia sauti bila picha, flashi haijaharibika. Faili limebanwa kwa H.265, namna mpya ya kubana video, na televisheni za zamani hazilisomi. Rudi uombe la H.264, litakuwa kubwa zaidi lakini litafunguka.

Na ukitafuta kwa jina, andika kama Wachina wanavyoandika, siyo kama unavyosikia. Xi hutamkwa kama "shi", Qing kama "ching", Zhen kama "jen". Dukani ukisema "Jeni Hwani" mtu atakutolea macho. Mwonyeshe maandishi: Zhen Huan Zhuan, au Empresses in the Palace.

---

binti_tandika

Basi namaliza Yanxi, halafu Zhen Huan ya 76, Ruyi iwe ya mwisho. Na tangu sasa, mtu yeyote kasrini akianza kukohoa, nahesabu kwanza nani yuko ngazi ya chini yake.