My Bloody Valentine ya 1981: nakala iliyokatwa inatosha, au ni lazima kuiona damu yote?

Mleta mada: Kipopo

Wakuu, salaam. Mimi ni mpenzi wa siku nyingi wa filamu za kutisha, hasa zile za mwanzoni mwa miaka ya 1980 ambamo muuaji aliyeficha uso anawamaliza vijana mmoja baada ya mwingine. Karibu kila ninayemuuliza ni ipi ambayo haikupata heshima inayostahili, ananitajia filamu hii ya Kanada iliyoongozwa na George Mihalka. Sasa nimepata nakala mbili: ile iliyoonyeshwa kwenye kumbi za sinema mwaka 1981, na ile iliyotolewa mwaka 2009 ikiwa imerudishiwa takriban dakika tatu za mauaji yaliyokuwa yameondolewa. Mke wangu, ambaye huvumilia filamu za mizimu lakini hawezi kabisa kuona utumbo wa mtu, amekubali kuitazama pamoja nami kwa sharti kwamba nichague nakala moja. Naomba wanaoifahamu waniambie kama ubora wake uko katika damu yenyewe, au ni filamu inayosimama hata damu ikifutwa. Nawasihi msinitajie muuaji ni nani.

Sururu

Ndugu mleta mada, nimeitazama filamu hii mara nyingi kuliko inavyofaa kukiri mbele ya watu wazima, na kwa maoni yangu damu yake ni nzuri, lakini kilicho adimu zaidi ni mji wake. Filamu nyingi za aina hii huwapeleka vijana kambini au katika nyumba ya porini, mahali ambapo hawana kazi wala wazazi wala deni kwa mtu, kisha muuaji anawatokea msituni. Hapa wahusika ni wachimba makaa ya mawe wa mji mdogo uitwao Valentine Bluffs. Wanatoka zamu wakiwa weusi kwa vumbi, wanaoga pamoja, wanakunywa katika baa moja na wanajuana tangu utotoni. T.J., mtoto wa mwenye mgodi, alikwenda kutafuta maisha mbali, mambo yakamshinda, akarudi kufanya kazi shimoni kama wengine na kumkuta mpenzi wake Sarah yuko na rafiki yake Axel. Ugomvi wa watu hao watatu ungetosha kuibeba filamu hata kama asingeuawa mtu.

Kisa cha nyuma nacho kimetokana na kazi hiyo hiyo. Miaka 20 kabla, wasimamizi wawili waliacha zamu yao ili wawahi dansi ya Siku ya Wapendanao, bila kupima gesi ya methani. Mgodi ukalipuka na kuwafukia wachimbaji watano, na aliyetolewa akiwa hai ni mmoja tu, Harry Warden, aliyeponea kwa kula nyama ya wenzake. Mwaka uliofuata akawarudia wale wasimamizi kwa sururu, akawang'oa mioyo, akaitia katika masanduku ya peremende yenye umbo la kopa na kuuonya mji usiicheze dansi ile tena. Hakuna pepo wala laana hapo. Kuna mtu aliyeona uvivu kupima gesi.

Kuhusu nakala, kampuni ya Paramount ilianza kuisambaza tarehe 11 Februari 1981, miezi tisa tu baada ya filamu nyingine ya aina hii, Friday the 13th, kuiletea kampuni hiyo faida kubwa pamoja na lawama nyingi. Chama cha Marekani kinachopanga madaraja ya filamu kikaishikilia hii mpya na kutaka ikatwe tena na tena, la sivyo ingepewa daraja la X ambalo kumbi nyingi zilikuwa zikilikwepa. Kilichoondolewa zaidi ni matokeo ya kila pigo. Katika nakala ya 1981 sururu inapanda juu, na kabla hujajua imemwingia nani tayari uko katika tukio jingine, ukibaki kujiuliza kama mhariri alikuwa anawahi basi. Katika nakala ya 2009 unamwona Happy, mwenye baa, sururu ikimwingia chini ya kidevu na kulitoa jicho. Unamwona mchimbaji Hollis akija akiyumba na misumari kichwani. Na Sylvia, mmoja wa wasichana wa kundi, amechomekwa kwenye bomba la kuogea, maji yakimtoka mdomoni. Viungo hivyo bandia vilifinyangwa kwa mkono, na vina uzito ambao kompyuta haijaweza kuuiga hadi leo. Ushauri wangu ni nakala ya 2009. Utayatambua mara moja matukio yaliyorudishwa, kwa sababu picha yake inachakaa ghafla na kuwa na mikwaruzo, na mkeo atapata nafasi ya kufumba macho.

Chumvi ya Mawe

Ninamheshimu Sururu, lakini kwa hili sikubaliani naye. Mpenzi wa damu akishaizoea huanza kuhesabu vifo kama mtu anayehesabu magoli, na kinachompita ni utulivu unaotangulia. Mfano ni Mabel, yule mama anayepamba duka la kufulia nguo kwa mapambo mekundu ya sikukuu. Mkuu wa polisi Newby anapomkuta ndani ya mashine ya kukaushia, akiwa amebabuliwa na joto na kung'olewa moyo, tayari sisi tumekwisha kuzoea kumwona akihangaika na karatasi zake na furaha yake ya kizee, na hicho ndicho kinachouma. Kisha Newby, kwa kuogopa taharuki, anautangazia mji kwamba Mabel amekufa kwa ugonjwa wa moyo. Moyo wenyewe hana! Huo ni mzaha mchungu unaopita dakika zote tatu za viungo bandia, na upo hata katika nakala iliyokatwa.

Aidha, tusiifanye filamu hii kuwa kitu kisichokuwa. Mizaha ya yule mcheshi wa kundi, Howard, inachosha, na nusu ya vijana waliomo mgodini huwezi kuwatofautisha hata baada ya kuitazama mara mbili. Mleta mada, anza na ya 1981.

Mzee wa Shimoni

Ndugu zangu, mimi si mtaalamu wa sinema, ila nilifanya kazi chini ya ardhi katika mgodi wa dhahabu kwa miaka sita, na nina neno kuhusu mavazi ya muuaji. Katika filamu nyingine za namna hii kinyago humtenga muuaji na watu, kiasi kwamba ukikiona tu unajua ndiye. Hapa muuaji amevaa ovaroli, kofia ngumu yenye taa na kinyago cha kuzuia gesi, yaani vifaa vya kazi ambavyo kila mwanamume wa mji ule anavyo. Anaweza kusimama katikati ya zamu nzima na usimtambue. Mtu aliyewahi kukutana na mwenzake kwenye njia ya mgodini, taa ikimwaka machoni, anajua kwamba humwoni sura hata kidogo. Unamfahamu kwa mwendo na kwa sauti, na huyu wa kwenye filamu haongei. Unachosikia ni pumzi tu.

Kuna tukio moja linalonisisimua kuliko yote, nalo halina hata tone la damu. Katika chumba cha kubadilishia nguo, ovaroli za wachimbaji zimepandishwa darini kwa minyororo, jambo ambalo si pambo la filamu, kwa kuwa migodi mingi hufanya hivyo ili nguo zikauke. Sylvia yuko peke yake, na zile ovaroli zinaanza kushushwa moja moja kumzunguka, tupu, kama watu walionyongwa. Sisi tuliozoea kuzishusha kila asubuhi hatukuwahi kuziona hivyo.

Mgodi wenyewe ni wa kweli. Walipiga picha huko Sydney Mines, katika jimbo la Nova Scotia, kwenye mgodi wa Princess uliokuwa umekwisha kufungwa. Inasimuliwa kwamba wenyeji, kwa kutaka mahali pao papendeze, waliusafisha na kuupaka rangi kabla ya wageni kufika, na watayarishaji wakalazimika kutumia fedha kuuchafua upya. Kwa hofu ya methani hawakuwa huru hata katika kuchagua taa, na nadhani ndiyo maana giza la filamu ile ni giza ninalolifahamu.

Sururu

Mzee, shikamoo. Hilo la mavazi sikuwahi kuliona, nami najiita mjuzi. Sasa naelewa kwa nini marudio ya mwaka 2009, yaani filamu iliyotengenezwa upya kwa kuvaa miwani ya 3D, si ile nakala iliyorudishiwa damu, hayakunikaa moyoni ingawa damu yake ni nyingi zaidi: mgodi umegeuka mandhari tu. Hata hivyo kwa Chumvi bado sirudi nyuma. Kifaa cha kazi kikigeuzwa silaha, mtazamaji anapaswa kuona kinachofanya kikigusa mwili, maana wale watu wanaishi na hatari hiyo hiyo kila siku wanapokuwa zamu.

Mleta mada: Kipopo

Nawashukuru nyote. Jana usiku tulitazama ya 2009. Mke wangu alifumba macho kwa Happy na kwa Hollis, kama Sururu alivyotabiri, akawa ananiuliza chini ya kitenge kama imekwisha. Lakini zilipoanza kushuka zile ovaroli alikuwa amefumbua, kwa kuwa nilimhakikishia kwamba hapo hakuna damu, na alama za kucha zake ziko mkononi mwangu hadi asubuhi hii. Ya 1981 nitaitazama leo peke yangu ili nilinganishe. Yeye amesema hataki kuiona tena, ila nimwite ikifika pale kwenye minyororo.