Tupeane uzoefu: kuongeza nguvu ya injini ya turbo kwa vifaa vyake vilevile

Mleta mada (dereva, Dar–Tunduma)

Wakuu, habari za kazi. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa injini za dizeli za turbo (ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kuisukumia injini hewa), hasa za malori yenye pampu ya dizeli ya zamani isiyo na kompyuta. Kwa pampu ileile, nozeli zilezile na turbo ileile iliyotoka nayo kiwandani, nguvu umeipata wapi? Habari za kufunga turbo kubwa tuziachie uzi mwingine.

Naanza na yangu. Gari ni Scania 113 ya nguvu za farasi 360. Ilifika mahali mlima wa Kitonga inapanda kwa kujikokota na nyuma moshi mweusi tupu. Kila gereji jibu lilikuwa moja: tufungue pampu, iongezewe mafuta. Tajiri alikuwa ameshakubali, ila fundi mmoja mtu mzima pale Mikumi akakataa kugusa pampu kabla hajapima upepo.

Alichomoa hozi inayoingia kwenye turbo kutoka ea klina (chujio la hewa), akaziba mdomo wa turbo kwa kifuniko alichokifunga valvu ya tairi, akaingiza upepo wa kompresa taratibu mpaka bar 1 hivi. Kisha akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Kwenye intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, pale mapezi yanapokutana na tangi la pembeni, povu likaanza kuchemka. Hozi ya chini nayo ilikuwa na ufa usioonekana mpaka uikunje. Intakula ikachomelewa aluminiamu, hozi ikawekwa nzima, basi. Pampu haikuguswa. Kitonga sasa napanda na gia moja juu ya ile niliyokuwa naitumia, mzigo uleule, na moshi umebaki kidogo tu pale ninapobadilisha gia.

Fundi pampu, Tabata

Mleta mada umeanzia mahali penyewe. Ngoja niongeze kwa nini fundi wako alikataa.

Dizeli ili iungue yote inataka hewa yenye uzito wa mara 14.5 hivi ya mafuta yenyewe. Hayo ni mahesabu. Ndani ya silinda mafuta na hewa havichanganyiki sawasawa, kwa hiyo hewa ikishuka chini ya mara 18 hivi moshi mweusi unaanza kuonekana. Gari lako lilikuwa na mafuta ya kutosha, hewa ndiyo ilikuwa inamwagika njiani. Ungeongeza mafuta ungepata moshi zaidi na joto zaidi, nguvu kiduchu.

Kitu cha pili, wakuu, naomba mkiangalie leo hii kwenye magari yenu. Pampu za injini za turbo zina kofia yenye diaframu ndani. Kuna kabomba kembamba kanatoka kwenye manifoldi ya hewa kuja kwenye hiyo kofia. Turbo ikianza kusukuma, upepo unabonyeza diaframu, na pampu inaruhusiwa kutoa mafuta zaidi. Kabomba kakipasuka, au diaframu ikitoboka, pampu inajiona iko kwenye injini isiyo na turbo na inabana mafuta. Gari linakuwa zito na halitoi hata moshi. Naletewa magari ya namna hii kila mara, na mengine hako kabomba kamezibwa kwa skrubu na mtu aliyeona kanavuja! Kapulize kwa mdomo: upepo ukipita bila kizuizi, diaframu imekwisha.

Kwa hiyo tofautisheni. Gari zito lenye moshi mweusi, tafuta hewa. Gari zito lisilo na moshi, tafuta mafuta: kabomba, filta, pampu ya kuvutia kutoka tenki, au kebo ya mguu isiyofika mwisho. Hii ya kebo inadharauliwa. Mtu akanyage mpaka sakafuni, wewe uwe chini ya kebini unaangalia kama mkono wa pampu unagusa skrubu yake ya mwisho.

Dereva wa trela, Mombasa–Malaba

Ndugu zangu, kwa upande wetu Kenya mlima wa kupima lori ni Timboroa. Pale uko juu ya mita 2,700 na hewa imepungua kama robo ukilinganisha na Mombasa. Turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kujaza silinda zilezile. Nimeona malori yakifunguliwa pampu Changamwe, yakijaribiwa hapo hapo pwani bila moshi kabisa, dereva anafurahi. Yakifika Burnt Forest ni moshi mweusi na geji ya maji inapanda. Makanika akikuwekea pampu pwani, mwambie aache nafasi ya huko juu.

La kwangu lilikuwa breki ya moshi. Kile kibamba ndani ya bomba la ekzosi kilikuwa kimeshika kutu na kubaki nusu wazi, hivyo lori lilikuwa linapanda likijifunga breki lenyewe. Tulikilainisha, tukarekebisha silinda yake ndogo ya upepo kirudi mwisho, na turbo ikaanza kulia mapema kama zamani. Kabla ya kuilaumu injini, shuka chini umwambie taniboi abonyeze na kuachia swichi huku unaangalia ule mkono kama unarudi wote.

Mmiliki wa malori, Mbeya

Nawasoma vizuri, ila niseme upande wa anayelipa. Uzito wa juu unaoruhusiwa barabarani Afrika Mashariki ni tani 56. Farasi 360 kwa tani 56 ni farasi 6.4 kwa kila tani. Ukiongeza mafuta ya pampu upate 400, unafika 7.1. Ndiyo, mlimani utausikia, lakini klachi, gia boksi na difu ni vilevile, na injini itabeba joto hilo saa zote za kupanda. Gari dogo linakanyagwa sekunde chache. Lori linakanyagwa Kitonga nzima.

Yadi tunayolaza magari kuna lori la jirani lilifunguliwa pampu bila kupima chochote. Lilikwenda kwa raha kweli. Likarudi limevutwa, pistoni ina tundu katikati unaloweza kupitisha kidole, kingo zake zimeyeyuka na kuganda. Aluminiamu safi inayeyuka nyuzi 660, ile ya pistoni chini ya hapo. Kinachoiokoa ni oili inayoipoza kwa chini na joto kali kudumu kitambo kifupi tu. Ukimwaga mafuta kupita hewa iliyopo, huo ulinzi hautoshi.

Kwangu fundi hagusi skrubu ya mafuta mpaka kuna geji ya joto la moshi.

Swali

Mkuu, hiyo geji inafungwa kabla ya turbo au baada? Na mwisho ni ngapi?

Mmiliki wa malori, Mbeya

Kabla, kwenye manifoldi ya moshi yenyewe. Baada ya turbo moshi umeshapoa, unaweza kusoma pungufu kwa zaidi ya nyuzi 100 ukadhani uko salama. Madereva wangu nimewawekea alama nyuzi 700. Ikifika hapo, shusha gia, injini izunguke zaidi ipate hewa, au legeza mguu.

Mwenye VX, Arusha

Wadau, si lori lakini mashine inafanana: Land Cruiser 80 yenye 1HD-T, lita 4.2, haikutoka na intakula. Pampu yake ni ya duara, ina kofia ya bolti nne juu. Ndani unakuta diaframu yenye pini iliyochongwa upande, na ukiizungusha pini unabadilisha kiasi cha mafuta turbo inaposukuma. Nyuma ya pampu iko skrubu ya mafuta ya mwisho yenye nati ya kuilinda. Tuliweka alama ya rangi kwanza, tukazungusha sehemu moja ya nane, tukaenda barabarani, tukarudi. Mchomoko wa kutoka taa nyekundu ulibadilika kabisa kwa ile pini pekee. Skrubu ya nyuma tuliirudisha ilipokuwa, maana joto lilipanda haraka bila intakula.

Wenye 1HD-T za mwanzo wakague beringi za konrodi kabla ya yote, zinajulikana kwa kuisha mapema. Halafu jihadharini na dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa. Pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili ya injini.

Kijana wa gereji, Mwanza

Kwenye komoni reli, hizi dizeli zinazoongozwa na kompyuta, je? Kuna watu wanapita na laptopu wanasema wanaongeza nguvu kwa dakika chache.

Fundi pampu, Tabata

Hapo hesabu ni ileile, hewa na joto, ila skrubu imekuwa programu. Kabla hajachomeka waya, pima mafuta yanayorudi kutoka kila injekta kwenye chupa zinazolingana. Injekta moja ikijaza chupa haraka kuliko wenzake, programu mpya itaimaliza. Na mwambie akuhifadhie faili la mwanzo la gari lako, akupe mkononi.

Mleta mada

Asanteni sana wakuu. Fundi, tapeti (nafasi za valvu) na taimingi ya pampu (wakati inapomwaga mafuta) vina mchango gani kwa gari kama langu?

Fundi pampu, Tabata

Tapeti weka kipimo cha kitabu, injini ikiwa imepoa. Valvu ya moshi isipofunga vizuri inapoteza mgandamizo na kingo zake zinaungua. Taimingi ikiwa imechelewa, mafuta yanaungua pistoni imeshaanza kushuka, nguvu inatokea kwenye ekzosi na geji ya joto inaonyesha. Ukiirudisha kwenye alama, joto linashuka na gari linachangamka. Usiipitishe alama ukitafuta zaidi, maana shinikizo linapanda ndani ya silinda na gasketi ya silinda hedi ndiyo inaachia kwanza. Lilete asubuhi kabla halijawashwa, nitafungua kava za valvu tuanze hapo.